Roboti Iliyoachwa Nusu

Mwaka wa 2007 nilikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mwenye kazi ya kueleweka, na kila Jumamosi alasiri nilikuwa nikipiga magoti sokoni Nakuru mbele ya rundo la mitumba ya watoto, nikitafuta roboti. Sitamumunya maneno. Watu walisema mengi. Mama mmoja aliyeuza soksi karibu na hapo aliniuliza nina watoto wangapi, na nilipomwambia sina, alinihurumia kwa sauti kubwa hadi wenzake wote wakageuka kunitazama. Nikaendelea kuchakura.

Zilikuwa roboti za kugeuka. Kwa asiyezijua, ni gari la plastiki, au ndege, au tingatinga, lakini ukivuta hapa na kuzungusha pale, milango inakuwa mabega, boneti inakuwa kifua, magurudumu ya nyuma yanakuwa visigino, na kichwa kinachomoza mahali ambapo hukudhani pana nafasi ya kichwa. Linasimama jitu. Ukirudi kinyumenyume, linakuwa gari tena. Basi, hiyo ndiyo shughuli yote, na kama haikugusi, sina la kukuongezea.

Tulikuwa wawili katika uwendawazimu huo, mimi na kaka yangu. Yeye alikuwa kifungua mimba, mimi kitinda mimba, na waliozaliwa katikati yetu hawakuishi. Alikuwa fundi wa malori katika gereji moja upande wa viwandani, na alipanga chumba mtaa wa Bondeni katika zile nyumba kuukuu za kaunsili. Mimi nilikuwa, na bado ni, fundi wa meno ya bandia. Hakuwa ameoa na mimi sikuwa nimeolewa, kwa hiyo wikendi zetu hazikuwa na mwenyewe. Tulipokuwa wadogo, Subukia, tulicheza na magari ya waya aliyoyakunja yeye mwenyewe. Nadhani hatukuwahi kushiba.

Roboti za mtumba hazifiki zikiwa kamili. Hii haina mkono, ile imeng'oka kisigino, nyingine kiungo cha goti kimelegea hadi haiwezi kusimama bila kuegemezwa ukutani. Hapo ndipo kazi yangu ilipofaa. Nilichukua umbo la mkono mzima kwa nta, nikatengeneza kalibu ya plasta, nikamimina akriliki ileile ninayotumia kutengeneza ufizi, nikaichemsha, nikaisugua mpaka ikalainika. Akriliki yetu nyingi ilikuwa ya rangi ya waridi. Kwa hiyo majitu yetu yalisimama kwenye rafu yakiwa na kiganja cha waridi huku, unyayo wa waridi kule.

"Sista, huyu ukimkasirisha atakuuma na mkono," kaka yangu aliniambia siku moja, akiwa ameshika jitu moja lililotoka kwangu. Alicheka mpaka akakaa chini. Alikuwa mtu wa kucheka utani wake mwenyewe kabla hujauelewa.

Kitu kimoja tu ndicho kilichotugombanisha. Mimi naamini katika utaratibu. Ukifungua, anza na miguu, halafu mikono, kichwa mwisho. Ukifunga, kichwa kwanza, mikono, miguu. Ndivyo zilivyotengenezwa, na ukivuruga unavunja. Kaka yangu, ambaye kazini asingethubutu kufungua gurudumu kabla ya kuweka mawe ya kuzuia lori, kwenye roboti alikuwa mhuni. Alianza popote. Mguu mmoja, kisha kichwa nusu, kisha anaweka chini anakunywa chai, kisha mkono. Nikimkemea ananiambia niwaachie wateja wangu hasira. Na hakuwahi kuvunja hata moja, jambo lililonikera zaidi.

Mama yetu alikuwa bado anaishi kwenye shamba letu dogo Subukia, na mahindi yake, kahawa kidogo na ng'ombe mmoja. Baadhi ya Jumapili tulikwenda sote wawili kumwona. Kaka yangu hakukosa kuwa na roboti mfukoni. Mama alikuwa akitutazama juu ya ungo wa maharagwe, anatingisha kichwa.

"Wenzenu wanajenga," alisema. "Nyinyi mnakunja na kukunjua."

Mwezi wa Novemba mwaka huo, kaka yangu alikuwa chini ya lori gereji, jeki ikateleza. Sina njia nyingine ya kulisema. Nilikuwa nimeshika kisu cha nta mkononi niliposikia simu, na nakumbuka nilikiweka mahali pake kabla ya kutoka, kwenye tundu lake, kama kwamba siku ilikuwa inaendelea.

Mochari tulikwenda mimi na baba mdogo, ambaye tangu baba yetu afariki ndiye aliyekuwa msemaji wa nyumba yetu. Kaka yangu alikuwa ameumia kifuani na usoni. Baba mdogo alitazama mara moja, akatoka nje, akaegemea ukuta. Niliporudi kwake alikuwa ameshaamua. Jeneza litafungwa hukohuko, halitafunguliwa nyumbani, na mama hataingia. "Huyu mama ana moyo moja tu," aliniambia. "Wacha akumbuke mtoto yake vile alikuwa." Nilikubali. Sijui kama ningeweza kusema neno lingine siku ile.

Nilitumwa Bondeni kuchukua suti ya kumzikia. Niliikuta imening'inia nyuma ya mlango, na juu ya meza, kando ya kikombe cha chai iliyoganda utando, nikakuta roboti.

Lilikuwa lori la buluu, mojawapo ya yale aliyoyapenda kuliko yote. Lilikuwa nusu. Mguu wa kushoto ulikuwa umenyooka, wa kulia bado umekunjwa ndani ukiwa tela. Mkono mmoja ulikuwa nje, mwingine umepindwa nyuma ya mgongo. Kichwa kilikuwa kimetoka lakini hakijazungushwa, kinatazama begani. Bila shaka aliitwa gereji asubuhi ile, akakiacha kitu pale kilipofika, akaenda.

Nilikaa kitandani kwake na kulitazama kwa muda mrefu. Kulikuwa na jambo moja nililotaka kulijua, na nililitaka kwa uchungu ambao ulinishangaza: je, alikuwa anafungua au anafunga? Kama alikuwa anafungua, alikuwa anaelekea kwenye umbo la mtu, asubuhi ile ilikuwa inaanza. Kama alikuwa anafunga, alikuwa ameshamaliza. Angekuwa mtu wa utaratibu kama mimi, ningejua mara moja kwa kutazama miguu na kichwa. Lakini alikuwa yeye. Kitu kile kingeweza kuwa kinaelekea upande wowote.

Niliamua papo hapo kwamba halitaguswa. Jinsi vidole vyake vilivyoviacha viungo, ndivyo vitakavyokaa. Nililibeba kwa viganja viwili kama mtu anayebeba yai, nikaliweka ndani ya kopo la biskuti lililotandikwa pamba, na suti nikaining'iniza begani. Hicho ndicho kitu cha mwisho alichokuwa anakifanya duniani kwa kupenda kwake. Nilikitaka chote, na nilikitaka peke yangu.

Kwetu, baada ya mazishi watu hukaa, kisha vitu vya marehemu hugawanywa. Koti kwa huyu, viatu kwa yule, vifaa vya kazi kwa mpwa aliyeingia ufundi. Hakuna anayejificha, kila mtu anaondoka na kipande cha ndugu yake, na mwaka mzima unaweza kukutana na shati lake likipita sokoni na mtu mwingine ndani. Roboti zilipotolewa kwenye gunia na kumwagwa kwenye mkeka, wazee walitazamana. Hawakujua wazipange kundi gani.

"Hizi ni za watoto," baba mdogo akakata shauri. "Wape watoto."

Mtu mmoja alinong'ona kwamba mtu mzima kuwa na sanamu namna ile si bure. Nilimtazama mpaka akatafuta kiatu chake cha kuvaa. Nilisema watoto wazichukue zote. Ninachokiomba ni hiki kimoja tu, kilichomo kwenye kopo, na kisifunguliwe. Walikubali upesi, nadhani kwa sababu walikuwa na haya kidogo kwa ajili yangu. Jioni ile watoto wa ukoo walikuwa wakiyavuta majitu ya waridi na buluu kwa kamba kwenye vumbi, yote yakiwa magari, hakuna aliyejua kwamba ndani yake mna mtu. Nililia nyuma ya ghala la mahindi. Nililia kwa ajili ya plastiki, niseme ukweli, kwa sababu kwa ajili yake mwenyewe nilikuwa bado sijaweza.

Kisha ukaja uchaguzi wa Desemba, na baada ya uchaguzi ukaja ule moto wa ghasia ambao kila mtu wa Bonde la Ufa wa umri wangu anao mahali fulani mwilini. Mama hakutaka kuondoka Subukia. Alisema ng'ombe hajui siasa. Lakini moshi ulipoanza kuonekana upande wa juu wa bonde, na jirani ambaye wamekopana chumvi miaka yote akaja mwenyewe kumwambia, "Mama, ondoka, mimi siwezi kukuchunga usiku na mchana," alikubali. Yule jirani alimchukua ng'ombe amtunze. Mama akafika Nakuru ameketi mbele kwenye pikapu ya maziwa, na blanketi, na Biblia, na kuku aliyefungwa miguu.

Nilikuwa na nyumba ya kupanga ya vyumba viwili. Nilimpa kitanda changu. Kopo la biskuti lilikuwa juu ya kabati, na kwa kuwa mama yangu ni mtu asiyeweza kukaa na kabati bila kulipangusa, nililitoa na kumwonyesha siku ileile ya kwanza.

"Mama, gusa chochote ndani ya nyumba hii. Hii usiguse."

Aliinama akachungulia. Sura yake haikuonyesha kitu.

"Imeharibika?"

"Haijaharibika. Ni vile aliiacha."

"Ni yeye aliacha hivyo? Mkono nyuma?"

"Ndiyo."

Akajifunga kanga yake upya. Nikafunga kopo. Nilidhani amenielewa, na moyoni nilijisifu kwa kuwa mpole.

Mwisho wa Januari moto ulifika mjini. Kafyu ikatangazwa, hakuna kutoka nje usiku. Tulikaa ndani na mapazia yakiwa yamefungwa, tukisikiliza redio kwa sauti ya chini na milio ya nje kwa sauti yake kamili, tukila kuku yule kidogo kidogo. Mama hakuzungumza juu ya kaka yangu, nami sikuzungumza. Mimi nilikuwa na kopo langu. Yeye alikuwa na nini, sikujiuliza. Nilimwona akishinda dirishani mikono ikiwa mapajani, na nikafikiri anawaza shamba.

Mambo yalipotulia kidogo, mwajiri wangu alifungua maabara kwa saa chache za mchana. Hata katika vita watu hutafuna. Tulipata wateja wa namna ambayo sikuwahi kuiona: wazee kwa akina mama waliokimbia makwao usiku wakaacha meno yao kwenye bilauri. Waliketi kwenye benchi wakiwa wamefunika midomo kwa viganja, na hawakutaka kuzungumza mpaka wapate ya kuzungumzia. Mzee mmoja aliniomba niyafanye yawe na pengo dogo mbele, kama yale ya zamani, ili wenzake kwenye kambi ya wakimbizi wamjue. Nilifanya kazi kwa bidii wiki hizo. Nilikuwa nafurahi kuwa na kitu cha kumaliza.

Siku moja nilirudi nyumbani alasiri, mapema, kafyu isinikute njiani. Mama alikuwa ameketi mezani. Kopo lilikuwa wazi mbele yake, pamba imetolewa, na roboti ilikuwa imelala juu ya kitambaa chake cheupe cha kanisani.

Ilikuwa imefunguliwa yote. Miguu yote miwili ilikuwa imenyooka, imewekwa pamoja. Kichwa kimezungushwa, kinatazama juu. Mkono uliokuwa umepindwa mgongoni ulikuwa umetolewa, na mikono yote miwili ilikuwa imelazwa sawasawa kando ya mwili.

Sijawahi kumpandishia mama yangu sauti kabla ya siku ile wala baada yake. Nilimwambia ameniua. Nilimwambia nilikuwa na kitu kimoja tu kutoka mkononi mwa kaka yangu, kimoja, nimewaachia wote kila kitu, na sasa hakipo tena, hakuna mtu duniani atakayeweza kukirudisha, kwa sababu hata nikikikunja tena nusu kitakuwa nimekikunja mimi. Majirani walisikia, najua, kwa sababu mtu aligonga ukuta.

Mama aliningoja nimalize. Hakulia, na hakuomba msamaha.

"Sikuvunja," alisema.

Na hapo ndipo hasira yangu ilipopata mahali pa kukwama. Kwa kweli hakuwa amevunja kitu. Lori lile lilikuwa na kiungo cha bega ambacho lazima ukisukume ndani kwanza kabla ya kukizungusha, la sivyo kinakatika. Mimi mwenyewe kilinichukua muda kukijua. Hakuna mtu ambaye angekipatia kwa kubahatisha, sembuse mwanamke wa umri wake mwenye vidole vilivyokakamaa kwa kuchuma kahawa.

"Nani alikufundisha?"

"Si ni yeye," alisema, kama kwamba nimeuliza jambo la kipuuzi. "Akikuja peke yake. Wewe ukiwa kazi. Tulikuwa tunakaa huko jikoni nyumbani, ananiambia, mathe, sukuma kwanza, usilazimishe. Mimi nilikuwa mbaya mwanzo, ananicheka. Baadaye nikajua. Hii ya bluu nilikuwa najua kumshinda."

"Hukuwahi kuniambia."

"Nikuambie ya nini? Wewe ulikuwa na Jumamosi zako na yeye. Hii ilikuwa yangu."

Nilivuta kiti nikaketi. Nilikuwa na hasira bado, lakini miguu ilikuwa imechoka nayo. Nilimuuliza, kwa sauti ya chini sasa, kwa nini basi asiniombe. Kwa nini asubiri nitoke. Alikuwa akinyoosha ukingo wa kitambaa kwa kidole, palipokuwa pamenyooka tayari.

"Kuomba niliomba. Niliomba baba yenu mdogo. Mtoto akifa, ni mama anamnyoosha. Anamweka mkono poa, anamweka mguu poa, asiende kwa udongo kama amejikunja. Hata kama mochari wamefanya, unaingia, unavuta tu shati kidogo. Mimi hiyo sikupewa. Niliona sanduku. Niliambiwa yuko ndani." Akarudi kwenye ukingo wa kitambaa. "Sasa nakuja hapa, wewe unaniwekea huyu kwa kopo, mkono nyuma, mguu ndani. Kila siku najua yuko hapo juu ya kabati amekunjwa. Mimi ningelala aje?"

Mambo yote niliyoyawaza tangu Novemba, kama alikuwa anafungua au anafunga, yalinikauka mdomoni. Mama hakuwa amejiuliza swali hilo hata mara moja. Kwake kulikuwa na upande mmoja tu wa kuelekea.

Nje gari la polisi lilipita likitangaza kwa kipaza sauti watu waingie majumbani. Tulilisikiliza mpaka likapotea. Ndipo mama aliponigeukia, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akanitazama usoni kama mtu anayetaka kitu kutoka kwangu.

"Wewe ulimwona," alisema.

"Nilimwona."

"Mikono yake ilikuwa wapi?"

Nilimwambia. Nilimwambia kwamba mikono haikuumia, hata kidogo, ilikuwa mizima kama alivyotoka nayo nyumbani. Ilikuwa kando, mmoja umefunguka, mwingine umefumba kidogo. Nilimwambia kwamba baba mdogo alipotoka nje mimi sikutoka naye mara moja. Niliomba maji, na yule mtu wa mochari akanipa karai na sabuni ya kipande, nikaiosha mikono yake yote miwili, kidole kwa kidole, nikailaza sawa.

Mama alikuwa ameweka kiganja chake juu ya roboti, hakuigandamiza, ameiweka tu.

"Na ile grisi ya kucha? Ilitoka?"

"Haikutoka yote, Mama. Nilisugua."

Alitikisa kichwa polepole, akikubali.

"Haiwezi kutoka," alisema. "Hata mimi nilikuwa najaribu."